Unga wa mazoezi, madafu ya Kaole na mume wangu veterani: nusura nikae eda

Wakuu, salaam. Mlionizidi umri shikamooni, wadogo zangu hamjambo.

Mimi humu ni msomaji tu. Huwa napita kimyakimya, nacheka, naondoka zangu. Leo naandika kwa sababu kuna jambo limenikaa kifuani na bado naogopa. Kila nikimwona mwanaume mtu mzima anatikisa ile chupa yake ya unga wa mazoezi, natamani kumpokonya.

Sitaongeza chumvi. Mhusika ni mume wangu, yupo hapo sebuleni anaangalia mpira, na amenipa ruhusa niandike mradi nisitaje namba ya jezi yake. Nitamwita Baba Zuhura, ndivyo ninavyomwita kila siku. Uzi una urefu wake, mwenye haraka apite kushoto.

Tunaishi Bagamoyo mjini. Baba Zuhura ameshavuka hamsini na tano, ni dereva mstaafu. Alipostaafu alikaa nyumbani mpaka nikamchoka. Kitambi kikaota, kununa kukaota, kila chakula kina kasoro.

Ndipo rafiki yake Nassor, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akamvuta kwenye timu ya mpira ya maveterani. Nassor ndiye kapteni wao.

Wakuu, kama hujawahi kuishi na veterani hujui kitu. Mtu akiamka anashika kiuno, kuinama kuokota ndala ni shughuli nzima. Lakini umsikie anavyosimulia krosi aliyoiokoa jana, utadhani anasubiriwa timu ya Taifa.

Mwanzoni nilifurahi kwa kweli. Kitambi kilipungua, akaanza kucheka tena, hata sokoni akawa ananisindikiza.

Shida ilianza na kopo.

Mtaani kwetu kuna gym, chumba kimoja na vyuma vyake. Kijana anayefundisha pale akawauzia wazee wetu unga. Kopo lenyewe kubwa kuliko la maziwa ya mtoto. Lile la kwanza ni creatine, la kujenga misuli. Baadaye likaja la pili, pre-workout, la kuchangamsha mwili kabla ya mazoezi. Yote mawili yakapangwa jikoni kwangu jirani na ndoo ya mchele.

Nikamuuliza, "Baba Zuhura, hii kitu daktari anaijua?"

Akanijibu, "Daktari wa nini? Mimi naumwa?"

Ongezeeni na goti. Goti lake la kulia ni bovu tangu ujana, kwa hiyo kabla ya kila mazoezi anameza diclofenac, dawa ya maumivu, siku nyingine na jioni anarudia. Vidonge hivyo anavinunua tu duka la dawa kama pipi. Na presha hajapima tangu aache kazi. Haya yote niliyaona, ila nilikuwa nayaona moja moja. Sikuwahi kuyajumlisha.

Ramadhani ikaingia. Na Idd pili kulikuwa na bonanza, wetu wacheze na maveterani wa Lugoba. Sasa hao wa Lugoba walikuwa wameshawafunga mara moja huko nyuma, na walizomewa njia nzima kurudi. Baba Zuhura akaapa safari hii hawafungwi.

Mwezi mzima wa funga wazee wetu wakawa wanafanya mazoezi baada ya Alasiri, wanatoka uwanjani jua likikaribia kuzama. Wanaona hiyo ndiyo akili, kwamba ukimaliza tu mazoezi unafuturu. Na juu ya hapo wanavaa makoti ya nailoni ili watoke jasho. Mtu amefunga tangu alfajiri, joto la Bagamoyo mnalijua, kisha anajifungia kwenye nailoni anakimbia. Lile koti nikilikamua lilikuwa linatiririka.

Mtasema, si akifuturu anakunywa maji? Subirini hapo hapo, maana ndipo penye kisa chenyewe.

Mume wangu anapenda kuswali tarawehe safu ya mbele. Ana mahali pake, nyuma ya imamu kidogo upande wa kulia, na kila mtu msikitini anapajua. Sasa ukinywa maji mengi wakati wa futari, katikati ya rakaa mkojo utakubana. Utoke, ukatawadhe upya, ukirudi safu ya mbele imeshaziba, unaswali na watoto huko mlangoni.

Kwa hiyo yeye alikuwa anafuturu kwa tende, kikombe cha uji, mihogo yake ya nazi, basi. Maji ni kulowesha koo tu. Nikimsogezea jagi anasema, "Unataka kunitengua udhu?"

Na si yeye peke yake. Waulizeni waume zenu, baba zenu. Wako wengi.

Daku nayo ilikuwa hivyo hivyo. Anachota ule unga, anaukoroga kwenye maji nusu glasi mpaka unakuwa mzito kama uji wa mtoto, anaubugia, analala. Alikuwa anaamini ukiwa mzito ndiyo unafanya kazi. Nikiukumbuka ule mkorogo nasikia kiu mimi.

Mwezi ukaisha salama. Idd mosi tukala pilau, tukatembelea ndugu. Idd pili wakaenda uwanjani.

Nami nilikwenda, nilikaa na wake wa wachezaji wengine chini ya turubai. Jua lilikuwa kali kweli. Baba Zuhura alicheza mwanzo mpaka mwisho, hakukubali kutolewa. Wakashinda bao moja. Walimbeba juujuu, mzee mzima, nami nikapiga vigelegele mpaka sauti ikakauka. Sikujua navipigia nini.

Kesho yake asubuhi alishindwa kunyanyuka. Mapaja yalikuwa yamevimba, magumu kama yamekaushwa. Akasema ni uchovu wa ushindi. Akameza diclofenac yake.

Mchana nikaingia chooni baada yake, alikuwa hajamwaga maji vizuri. Wakuu, nilichokiona kilikuwa rangi ya juisi ya ukwaju. Si njano iliyokolea. Ukwaju.

Nikatoka mbio. "Baba Zuhura, huu mkojo gani?"

Akaniambia nisipige kelele watu wasisikie, ni uchafu unatoka, figo zinajisafisha baada ya kazi kubwa.

Nami, Mungu anisamehe, nikapata nafuu kidogo. Maana sisi huku tumekuzwa hivyo. Mkojo ukiwa mchafu, dawa ni madafu. Madafu yanasafisha figo. Bibi yangu alisema, mama yangu alisema, nami nimemwambia Zuhura.

Habari kwamba beki anaumwa ikasambaa, wageni wakaanza kumiminika kumjulia hali. Na huku hakuna mtu anayekwenda kumwona mgonjwa mikono mitupu. Nassor kaja na madafu. Jirani kaja na madafu. Wifi yangu Mwanaidi, dada yake mkubwa anayeishi Kaole, ndiye alifunga kazi. Alishuka kwenye bajaji na mkungu mzima kutoka shambani kwao.

Akamwambia, "Kunywa mdogo wangu, kunywa mpaka useme basi. Hili ni joto tu limekuingia."

Alikunywa siku hiyo, akanywa na kesho yake. Mimi mwenyewe ndiye niliyekuwa nayakata na kummiminia. Furaha yangu ni kwamba mtu aliyekataa maji mwezi mzima sasa anakunywa bila kusukumwa.

Sasa sikilizeni.

Siku hiyo ya pili, baada ya Alasiri, aliswalia nyumbani amekaa kwenye kiti kwa sababu ya yale mapaja. Akatoa salamu, akavuta uradi wake, akanigeukia anatabasamu.

Akasema, "Mama Zuhura, leo nimepata baraka. Udhu wangu wa Alfajiri ndio huu huu nimeswalia Adhuhuri, na Alasiri nimeswalia huo huo."

Nikamwitikia, "Mashaallah."

Nikaendelea kukunja nguo. Kanzu moja, shuka moja. Kisha mikono ikasimama yenyewe.

Udhu wa Alfajiri? Mtu ambaye tangu asubuhi anakunywa madafu kama anashindana?

Nikamwangalia. Uso ulikuwa umejaa, macho yamevimba chini. Pete yake ya fedha ilikuwa imezama kidoleni. Miguu nilipoibonyeza, kidole changu kikaacha shimo, na shimo halikurudi.

Nikamuuliza taratibu, nisimtie hofu, "Mume wangu, mara ya mwisho kwenda haja ndogo ilikuwa lini?"

Akafikiri. Akafikiri tena. Nikaona na yeye anaanza kuogopa. Akasema, "Alfajiri. Kidogo sana."

Wakuu, sijawahi kupata hofu ya namna ile. Maji yote yale yalikuwa ndani yake na hakuna hata tone lililotoka.

Nilimpigia Nassor, akaja na gari. Wakati wa kumwinua Baba Zuhura akasema miguu imelegea, na moyo unarukaruka, unasimama kidogo kisha unaendelea. Alilisema hilo hivi hivi, kama mtu anayeelezea gari linavyokosa moto.

Hospitali tulipokelewa na daktari, dada mwenye miwani, umri wa mwanangu Zuhura. Alinisalimia vizuri, shikamoo mama, akamgusa mapaja, akauliza kuhusu mkojo. Nilipotaja ukwaju akaacha kuandika. Wakamtoa damu, wakambandika nyaya kifuani, mashine ikaanza kutoa karatasi. Akaisoma ile karatasi amesimama. Akaita mwenzake, naye akaisoma.

Akanigeukia. "Mama, leo baba amekunywa nini?"

Nikajibu kwa kujiamini kabisa, "Madafu, daktari. Mengi tu, hatukumwacha na kiu."

Yule binti alifumba macho kidogo. Akasema, "Kuanzia sasa asionje hata tone."

Akanieleza kwa Kiswahili chepesi, nami nawaeleza kama nilivyoelewa, wataalamu mtanirekebisha. Misuli ilifanyishwa kazi kubwa mno ikiwa haina maji, ikamomonyoka. Uchafu wake ukaingia kwenye damu, ukaenda kuziba figo. Figo zenyewe zilikuwa zimeshachoka kwa kiu ya mwezi mzima na vile vidonge vya goti. Na presha ilikuwa juu, pengine miaka, bila yeye kujua.

Nikauliza, na ule unga?

Alisema creatine kwa kijana mwenye figo nzima anayekunywa maji yake ni habari nyingine. Lakini mtu wa umri huu, figo zake hajui hali yake, hanywi maji, anameza diclofenac, halafu anaongeza na wa kuchangamsha mwili unaomfanya asisikie uchovu, huo ni mzigo juu ya mzigo. Kwa hiyo ndugu zangu wa gym msinirukie. Sijasema kopo peke yake ndilo lililomwangusha.

Kisha akaja kwenye madafu. Kwamba yana potasiamu nyingi. Figo nzima huitoa nje kwa mkojo. Figo zikifunga inabaki kwenye damu, inakwenda kuushika moyo. Hata misuli iliyomomonyoka nayo huwa inaimwaga. Akasema, "Mama, sitakuficha. Kwa kiwango hiki moyo unaweza kusimama mtu akiwa anaongea na wewe."

Hilo neno. Akiwa anaongea na wewe.

Walimchoma dawa ya kuulinda moyo, wakampa insulini pamoja na maji ya sukari, nikauliza jamani kumbe ana kisukari pia? Wakaniambia hapana, ni ya kuishusha ile potasiamu. Wakasema inabidi apelekwe Dar kwenye mashine ya kusafisha damu, gari linaandaliwa.

Nikakaa pembeni ya kitanda. Yeye akawa ananisimulia mechi. Jinsi winga wa Lugoba alivyompita mara moja tu, ya pili hakupita. Kila alipovuta pumzi kabla ya neno linalofuata, nami nilikuwa naiziba yangu. Nilikuwa namuuliza maswali ya kijinga, winga alivaa viatu rangi gani, refa alitoka wapi, mradi asinyamaze. Nilimsikiliza mume wangu siku ile kuliko miaka yote ya ndoa.

Gari likiwa bado halijawa tayari, wifi Mwanaidi akaingia wodini. Amejifunga mtandio wake, mkononi chupa kubwa ya chai. Akaifungua, harufu ikanijia. Madafu.

Mdogo wake midomo imemkauka, akamwangalia dada yake kama mtoto. Akasema, "Dada, nipe."

Nikasimama katikati yao. Nikasema, "Wifi, daktari amekataza."

"Amekataza nini? Maji ya Mungu?"

"Amekataza madafu, dada yangu. Yatamuua."

Wakuu, huyu mama ndiye aliyemlea Baba Zuhura mama yao alipofariki. Alimbeba mgongoni. Mimi katika ndoa yangu yote sijawahi kumwinulia sauti, hata shikamoo yake huwa naitoa nimepiga magoti. Akanitazama juu mpaka chini. Akasema kwa sauti wodi nzima ikasikia, "Unamnyima ndugu yangu maji ya kunywa akiwa anakufa?"

Akaninyooshea mkono anisukume apite.

Nikaipokonya ile chupa. Nilikwenda nayo mpaka kwenye sinki nikaimwaga yote, huku machozi yananitoka. Nyuma yangu namsikia wifi analia, na mume wangu anasema, "Mama Zuhura, angalau kidogo."

Kama angekufa saa ile, mimi ndiye ningekuwa mwanamke aliyemwaga maji mumewe akiomba. Kaole nzima ingenijua kwa hilo.

Njiani kwenda Dar sikumbuki kitu zaidi ya mkono wake. Mapinga, Bunju, Tegeta, nilikuwa nauhisi mshipa kwenye kifundo cha mkono wake na kuomba dua.

Waliunganisha mashine. Damu inatoka kwenye mpira, inazunguka, inarudi. Ukiiona mara ya kwanza utafikiri wanammaliza. Ikarudiwa siku nyingine, ikarudiwa tena. Wiki zikapita mkojo hauji. Madaktari walianza kuniandaa kwa maneno ya upole, kwamba wapo watu wanaishi kwa mashine hiyo maisha yao yote. Nilikuwa naitikia ndiyo, ndiyo, kisha nakwenda kulia chooni.

Asubuhi moja nesi akaniita. Kwenye ile chupa ya kupimia mkojo palikuwa na kitu chini, hakijai hata kikombe cha kahawa. Nilipiga kigelegele, wakuu. Wodi ya wagonjwa, nami napiga kigelegele kwa mkojo. Wagonjwa wengine wakacheka, mmoja akaniambia hongera mama.

Ukaongezeka siku hadi siku, mpaka mashine wakaiacha.

Amerudi nyumbani. Lakini figo hazikurudi zote, daktari alisema zimebaki na kovu. Ana dawa za presha za maisha, ana kliniki, diclofenac ni marufuku, ule unga ni marufuku. Hata maji siku hizi anakunywa kwa kadiri aliyopangiwa, si kujinywea tu. Ramadhani iliyofuata alikatazwa kufunga. Siku ya kwanza ya mwezi, nilipomwekea chai asubuhi, alilia kama mtoto.

Tarawehe anakwenda. Anakaa safu ya nyuma, jirani na mlango wa chooni. Wenzake mwanzoni walimtania, kisha nikasikia na Nassor amehamia huko nyuma kumpa kampani.

Wifi Mwanaidi alikaa muda mrefu hanisemeshi. Siku moja akaja, hakuomba radhi wala sikutaka aombe. Aliniletea mihogo, akauliza, "Hii je, anaruhusiwa?" Tukacheka wote, kisha tukalia.

Basi jamani, nilichojifunza ni hiki. Kama umevuka umri na unafanya mazoezi, pima presha na figo kabla hujafungua kopo lolote. Kunywa maji, tena udhu ukivunjika bomba lipo, Mungu hachoki kukusubiri. Vidonge vya maumivu visiwe desturi. Mkojo ukiwa rangi ya ukwaju, usingoje kesho. Na mgonjwa asiyekojoa msimpelekee madafu kabla daktari hajasema, hata kama mnampenda. Sisi tulimpenda hivyo na nusura tumzike.

Mnaouza hayo makopo, mnaoyatumia, na wenye wazee majumbani, karibuni mtoe uzoefu wenu. Madaktari mliomo humu, nina swali moja linaninyima raha. Hizi figo zenye kovu zinaweza kufunga tena bila dalili? Maana mpaka leo akiingia chooni mimi huacha ninachokifanya, nikasogea mlangoni kimya, nikasikiliza mpaka nisikie. Anajua, na siku hizi hata hanisemi.

Nitawajibu wote baadaye. Mpira umefika mapumziko, ameinuka anaelekea chooni. Ngojeni kwanza nisikilize.